Bahari Ilikuwa Wapi? Uchambuzi wa Kisa cha Matembezi ya Copacabana

Kisa na waliomo

Mwongoza watalii mmoja aliwapeleka wageni kutoka Afrika Mashariki kwenye ufukwe wa Copacabana, Rio de Janeiro. Aliondoka na mpango mmoja mkononi, akarudi ameufuata mwingine. Majina ya watu, nchi walikotoka, mwaka, mwezi na kampuni iliyoandaa safari nimeviondoa. Kazi na umri wa baadhi ya wageni nimevibadilisha kidogo ili wasitambulike. Mahali, majengo na tarehe za historia nimeviacha kama vilivyo, maana humo ndimo mafunzo yalimo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kosa lake ni la kawaida mno katika kazi ya kuongoza wageni. Ufukwe maarufu una vitu vingi vya kuonyesha, na mwongozaji hujikuta akivitaja kimoja baada ya kingine, hapa hoteli, pale ngome, kule sanamu, bila kuonyesha vinahusiana vipi. Mgeni anaondoka na picha nyingi kwenye simu bila kuelewa mahali alipokuwa amesimama. Kwa ufukwe wa mjini, mimi naamini kuna swali moja linalopaswa kutangulia mengine yote: bahari ilikuwa wapi wakati vitu hivi vinajengwa?

Usuli wa mahali

Copacabana ni upinde wa mchanga wa kilomita 4 na ushei, kuanzia jabali la Leme upande mmoja hadi rasi yenye ngome upande wa pili. Nyuma ya mchanga kuna barabara ya Avenida Atlântica, nyuma ya barabara kuna safu ya majengo marefu yaliyosongamana, na nyuma ya majengo kuna vilima vya mawe. Vilima hivyo ndivyo vilivyoitenga Copacabana na Rio kwa muda mrefu. Mji ulikua upande wa ghuba, huku wakibaki wavuvi na watu wachache tu. Jina lenyewe lilitoka kwenye mji ulio kando ya Ziwa Titicaca, Bolivia, ambako Bikira Maria wa Copacabana anaheshimiwa sana. Sanamu yake ilijengewa kanisa dogo juu ya rasi, na taratibu jina la kanisa likauvaa ufukwe mzima.

Mambo yalibadilika tarehe 6 Julai 1892, lilipofunguliwa handaki linaloitwa leo Túnel Velho na tramu zikaanza kupita kutoka Botafogo, mtaa wa upande wa ghuba. Mwaka 1906 likaja handaki la pili upande wa Leme, na mwaka huohuo, katika kipindi cha meya Pereira Passos, ikafunguliwa Avenida Atlântica. Msomaji asiifikirie barabara pana ya leo. Ilikuwa njia nyembamba kando ya mchanga, na bahari ilipochafuka mawimbi yaliifikia na kuibomoa, ikatengenezwa, ikabomolewa tena.

Kanisa la kwenye rasi liliondolewa kuipisha ngome, iliyozinduliwa mwaka 1914 ikiwa na mizinga ya Krupp, kampuni ya Kijerumani. Mikubwa yake ina kipenyo cha milimita 305. Hoteli ya Copacabana Palace, iliyochorwa na Mfaransa Joseph Gire kwa ajili ya Octávio Guinle, ilikusudiwa iwe tayari kupokea wageni wa maadhimisho ya miaka 100 ya uhuru wa Brazili mwaka 1922. Ilichelewa, ikafunguliwa Agosti 1923. Siku hizo ilisimama kama mlima mweupe katikati ya nyumba za ghorofa moja na mbili. Kasino yake ilifungwa mwaka 1946, Rais Dutra alipopiga marufuku kamari nchi nzima.

Halafu kuna kazi iliyobadilisha kila kitu na ambayo mgeni wa kawaida hasimuliwi. Kati ya mwaka 1969 na 1971 ufukwe ulipanuliwa. Wahandisi wa maabara ya taifa ya ujenzi ya Ureno, mjini Lisbon, waliutengenezea mfano na kupima mawimbi yangeufanya nini mchanga mpya. Kisha takriban mita za ujazo milioni 3.5 za mchanga zikaletwa, nyingine zikisukumwa kwa mabomba kutoka upande wa Botafogo, nyingine zikimwagwa karibu na ufuko na meli za kuchimba mchanga. Upana wa ufukwe ukapanda kutoka mita 55 hivi hadi mita 90 hivi, na hapo ni baada ya sehemu kubwa kuliwa na barabara. Chini ya eneo lililoongezwa likapitishwa bomba kuu la majitaka, juu yake zikajengwa njia mpya za magari, ukanda wa katikati na njia pana ya waendao kwa miguu. Msanifu wa bustani Roberto Burle Marx ndiye aliyepewa kazi ya kuipamba sakafu hiyo yote kwa vijiwe vyeupe, vyeusi na vyekundu.

Mpango wa awali

Kampuni iliuza matembezi ya nusu siku: vituo vitano kwa basi dogo, dakika chache kila kituo, kisha maduka ya zawadi, kisha hoteli ya wageni. Vituo vilipangwa kwa umaarufu. Copacabana Palace ilikuwa ya kwanza, wakati watu hawajachoka na picha zao zinapendeza. Ngome ilikuwa ya mwisho, na ilikubalika kuiruka iwapo muda ungebana.

Mwongozaji wetu, Mwafrika Mashariki aliyeishi Rio miaka kadhaa na anayezungumza Kireno vizuri, aliukuta mpango huo ukitumika, akautumia. Aliyajua majengo na tarehe zake. Wageni walikuwa chini ya kumi na watano: walimu, wafanyabiashara wawili, mume na mke vijana waliokuwa fungate, mama mmoja wa makamo aliyesafiri na dada yake, na mzee aliyestaafu kazi ya upimaji ardhi akiwa na binti yake. Mzee huyo ndiye aliyeligeuza jambo zima.

Kilichotokea

Saa tatu na nusu asubuhi basi lilisimama mbele ya Copacabana Palace. Mwongozaji akaeleza habari za Gire, Guinle, mwaka 1923, wafalme na nyota wa filamu waliolala humo. Picha zikapigwa. Mzee alikuwa ameipa hoteli kisogo, anaitazama bahari, mkono ameukinga juu ya macho.

"Mwanangu," akasema, "hawa walijenga hoteli ya baharini au ya barabarani?"

"Ya baharini, mzee."

"Mbona wameiweka mbali na maji hivi? Njia za magari, ukanda, njia nyingine za magari, kisha mchanga wote ule. Mtu mwenye fedha zake hajengi hivyo."

Mwongozaji akajibu kwamba ndivyo ufukwe ulivyo, ni mpana sana, na hilo ni moja ya sifa zake. Mzee hakubishana. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuheshimiwa kazini, kwamba mpaka huo wa nchi kavu na bahari haujakaa sawa.

Wakaenda kwenye kituo cha pili, nakshi za sakafu. Hapo mwongozaji alieleza vizuri, na nataka hilo lijulikane. Wengi huwaambia wageni kuwa mawimbi meusi na meupe ni ubunifu wa Burle Marx. Yeye alisema ukweli: mtindo wa mawimbi ni wa Wareno, upo katika uwanja wa Rossio mjini Lisbon, na ulikuwapo Copacabana kabla ya Burle Marx. Alichofanya msanifu huyo ni kuuhifadhi na kuukuza kwenye njia ya upande wa bahari, kisha kubuni michoro yake mwenyewe, isiyofanana na kitu chochote, kwenye ukanda wa katikati na upande wa majengo. Mwalimu mmoja akauliza ilikuwa mwaka gani. Mwongozaji akajibu kwamba ilikuwa 1970.

Binti wa mzee alikuwa kwenye simu muda wote huo. Sasa akamwonyesha baba yake picha ya zamani ya hoteli, ya miaka ya mwanzo: jengo jeupe, barabara nyembamba, mchanga mfupi, na bahari karibu kabisa. Mzee akaitazama, akainua kichwa, akaitazama hoteli, kisha akaita: "Njoo uone, kijana. Nimekwambia."

Simu ikazunguka mikononi mwa watu, na nimesimuliwa kwamba hakuna kituo kilichowaamsha wageni kama ile picha moja. Maswali yakaja kwa mkupuo. Mchanga ulitoka wapi? Nani aliulipia? Na sisi hapa tuliposimama palikuwa nini? Mwongozaji aliijua habari ya upanuzi. Aliwahi kuisoma, ila aliichukulia kuwa ya wahandisi, haihusu utalii. Akawaeleza pale pale alichokikumbuka: miaka ya 1969 hadi 1971, mamilioni ya mita za ujazo, maabara ya Lisbon, bomba la majitaka chini ya miguu yao. Hilo la majitaka lilizua kicheko na mshangao.

Uamuzi wa kwanza: kugeuza njia

Hapo alikuwa na njia mbili. Angeweza kuendelea na ratiba na kuiacha habari ya mchanga iwe kionjo. Au angeweza kukubali kwamba wageni wamepata uzi wa kuvuta, na kuupanga upya muda uliobaki kuufuata uzi huo.

Alichagua la pili, na sababu alizonieleza ni za mtu anayeijua kazi. Aligundua kwamba kituo alichokuwa tayari kukiruka, ngome, ndipo mahali ambapo ardhi haikusogezwa. Rasi ni jabali. Iko pale ilipokuwa. Mtu akisimama huko na kutazama upinde wote anaweza kuona jinsi ufukwe ulivyoongezwa kuelekea majini. Pili, kutoka ngomeni kurudi nyuma kuna hadithi inayotembea kwa miguu juu ya Avenida Atlântica, ya mwaka 1922, na hadithi hiyo haieleweki bila kujua bahari ilikuwa wapi. Akampigia simu mratibu wa kampuni, akaomba maduka yaondolewe kwenye ratiba ya asubuhi. Mratibu akasema sawa, mradi wageni wakubali.

Aliwauliza. Wengi waliitika. Wale vijana wa fungate walinyamaza, naye akahesabu ukimya wao kuwa ni ndiyo. Nitalirudia hilo.

Ngomeni, na safari ya kurudi kwa miguu

Basi likawapeleka hadi Posto 6. Wenyeji wa Copacabana hawaelekezani kwa majina ya mitaa bali kwa vituo vya waokoaji vilivyopewa namba, kuanzia Posto 1 Leme hadi Posto 6 penye ngome, na mwongozaji aliwafundisha wageni kuhesabu hivyo. Walipita karibu na sanamu ya mshairi Carlos Drummond de Andrade, aliyeketi kwenye benchi akiipa bahari mgongo, ambaye miwani yake ya shaba imeibwa mara nyingi. Wakapita pia mahali wavuvi wanapovuta mashua zao na kuuza samaki. Hapo hakusimama.

Ndani ya ngome waliona mizinga ndani ya makuba yake ya chuma na kuta nene zinazoitazama bahari. Mwongozaji akawasimulia kwamba silaha zilizonunuliwa kwa ajili ya adui wa baharini zilikuja kuelekezwa mjini kwao wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Julai 1922, askari wa ngome, wakiongozwa na Kapteni Euclides Hermes da Fonseca, waliasi. Baba yake, Marshal Hermes da Fonseca, rais wa zamani, alikuwa amekamatwa kwa amri ya serikali, na maofisa vijana hawakumtaka Artur Bernardes aliyetangazwa mshindi wa uchaguzi wa urais. Makombora yakarushwa kuelekea makao makuu ya jeshi. Kambi nyingine zilizotarajiwa kuunga mkono hazikuinuka, au zilizimwa haraka. Wengi wa askari wakaruhusiwa kuondoka ngomeni. Kapteni alitoka kwenda kuzungumza na serikali, akakamatwa.

Waliobaki waliikata bendera ya ngome vipande, kila mmoja akachukua chake. Mchana wa tarehe 6 Julai wakatoka na bunduki zao na kushika Avenida Atlântica kwa miguu, kuwakabili maelfu ya askari wa serikali. Ilikuwa miaka 30 kamili tangu handaki lifunguliwe.

Kundi la wageni likatoka ngomeni na kuanza kutembea njia ileile. Mwongozaji aliwaweka upande wa majengo, na aliwaeleza kwa nini: barabara ya mwaka 1922 ilikuwa huku, karibu na nyumba. Njia ya magari iliyo upande wa bahari haikuwapo. Njiani raia mmoja, Otávio Correia, aliyekuwa akipita, alipewa bunduki akaungana na waasi. Katika picha maarufu ya siku hiyo anaonekana amevaa suti na kofia pembeni ya wanajeshi. Yule mwalimu akauliza kama kweli walikuwa 18, maana ndivyo vitabu vinavyowaita. Mwongozaji akajibu kwamba hesabu hutofautiana, kwamba wengine waliachana na msafara njiani, na namba 18 ndiyo iliyoshika katika kumbukumbu ya taifa. Jibu zuri.

Walipofika karibu na mtaa wa Siqueira Campos, uliokuwa ukiitwa Barroso enzi hizo, akasimama. Hapa ndipo mapigano yalipokuwa makali. Waasi, waliposhambuliwa, waliruka kutoka barabarani hadi mchangani, wakatumia ukingo wa barabara kama handaki la kujikinga. Akawaomba wageni watafute mahali pa kuruka. Hapakuwa na mchanga. Palikuwa na ukanda wa katikati, magari, na njia ya miguu yenye mawimbi meusi na meupe. Mzee wa upimaji akahesabu hatua, kisha akanyoosha fimbo yake upande wa bahari kwenye lami: "Basi walilala pale. Chini ya ile njia."

Waliosalia hai na kupata umaarufu ni maluteni wawili waliojeruhiwa vibaya. Antônio de Siqueira Campos alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1930, na mtaa huu una jina lake. Eduardo Gomes aligombea urais mara mbili, 1945 na 1950, akashindwa zote. Vuguvugu la maofisa vijana lililoanzia kwenye matembezi haya ya kilomita mbili liliendelea kuitikisa Brazili hadi mapinduzi ya 1930.

Swali la mama, na uamuzi wa pili

Saa tano ilikuwa imepita na jua limekolea. Yule mama wa makamo, aliyekuwa kimya asubuhi nzima, akaketi kwenye kiti cha kibanda cha vinywaji, akauliza: "Baba, nimesikia marais na maluteni na matajiri. Sisi weusi tumo wapi katika habari hii? Naona wako wengi hapa ufukweni, wanauza na kubeba."

Wenzangu kadhaa, nilipowasimulia kisa hiki, walisema wangejibu kwa habari ya Iemanjá, na kweli hiyo ni habari kubwa ya ufukwe huu. Usiku wa mwaka mpya watu huja wamevaa nyeupe na kumtolea maua na mashua ndogo mungu wa kike wa bahari, ambaye waabudu wake walimleta kutoka kwa Wayoruba kupitia utumwa. Fataki za leo zinazovuta watu zaidi ya milioni 2 zimekuja juu ya ibada iliyokuwapo.

Mwongozaji aliitaja Iemanjá, lakini hakuishia hapo. Alimwambia mama kwamba Copacabana ya mitaa na hoteli ilianza mwaka 1892, miaka minne baada ya utumwa kufutwa Brazili tarehe 13 Mei 1888, na walioachiwa huru bila ardhi wala fidia, pamoja na vizazi vyao, walikuwa miongoni mwa waliopanda vilimani. Akamwonyesha kwa kidole: Pavão-Pavãozinho na Cantagalo nyuma ya Posto 5, Babilônia na Chapéu Mangueira juu ya Leme. Watu wa huko ndio waliofua, kupika na kujenga kwenye majumba ya chini, na wengi bado hushuka kila siku kufanya kazi mchangani. Kisha akasema kwamba habari ya kushushwa kwa Waafrika, wakiwamo wengi waliochukuliwa Msumbiji, iko upande mwingine wa mji, kwenye gati la Valongo lililofukuliwa mwaka 2011 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2017. "Hiyo, mama, siwezi kukupa hapa kwa dakika mbili. Ukitaka, kesho nitakupeleka penyewe."

Wengi walikwenda kesho yake.

Matokeo

Kutoka pale kundi lilimalizia kwa basi hadi Leme, kwa sababu mama na mzee walikuwa wamechoka, na wakala chakula cha mchana wamechelewa. Katika maoni waliyoandika baadaye, wageni walikumbuka picha ya hoteli, kipande cha bendera na mahali waasi walipolala. Hakuna aliyeandika mwaka wa kujengwa kwa kitu chochote.

Vijana wa fungate walilalamika kwa kampuni. Walikuwa wameahidiwa maduka, walilipia ratiba iliyoandikwa, na asubuhi yao ilitumika kwenye uasi wa kijeshi. Kampuni iliwaomba radhi na kuwapatia gari la kuwapeleka madukani jioni. Mwongozaji alipewa onyo la mdomo. Wiki chache baadaye kampuni hiyohiyo ikamwomba aandike njia mpya ya Copacabana kwa ajili ya waongozaji wengine.

Uchambuzi

Lililofanikiwa zaidi ni kwamba mwongozaji aliacha swali la mgeni liwe uti wa mgongo wa matembezi. Mpima ardhi aliona kwa jicho la kazi yake kitu ambacho hata mwenyeji alikuwa amekizoea. Kabla ya swali lile, hoteli, nakshi na ngome vilikuwa vitu vitatu visivyojuana. Baada yake, hoteli ilieleza bahari ilipokuwa, nakshi zikaeleza ni lini ardhi iliongezwa, ngome ikaeleza pasiposogea, na matembezi ya waasi yakawapa wageni sababu ya kuujali mpaka wa zamani wa maji. Tarehe zilezile alizokuwa nazo asubuhi sasa zilikuwa na kazi ya kufanya.

Mwelekeo nao ulisaidia. Kutoka ngomeni kuelekea Leme unakwenda na waasi. Ukianzia Leme unakwenda kinyume chao, na unafika kwenye chanzo cha kisa ukiwa umeshakipita kilele.

Jibu lake kwa mama nalihesabu kuwa jambo bora la siku ile. Kishawishi cha kumridhisha mgeni mwenye uchungu kwa hadithi ya haraka ni kikubwa, na Iemanjá angetosha kupata makofi. Yeye aligawa swali: sehemu inayojibika ufukweni akaijibu kwa kuonyesha vilima, sehemu isiyo ya hapo akaipeleka inakostahili. Mahali pa mateso hapafai kufanywa nyongeza ya matembezi ya ufukweni.

Sasa yaliyoharibika. La kwanza ni jibu lake la asubuhi, "ndivyo ufukwe ulivyo". Aliijua kweli, ila aliiweka kwenye kabati la wahandisi. Waongozaji wengi wana kabati hilo. Habari za mabomba, mchanga, mahandaki na bima za majengo tunazidhania kuwa kavu, halafu tunashangaa wageni wanapochoka na orodha ya watu mashuhuri. Mji wa pwani hujengwa na mambo hayohayo makavu.

La pili ni dogo kwa sura lakini lina madhara. Baada ya picha kuwapendeza watu, mwongozaji alianza kusema "ufukwe huu umetengenezwa na binadamu", na kwenye maoni mgeni mmoja akaandika kuwa Copacabana haikuwa na ufukwe kabla ya 1970. Siyo kweli. Ufukwe ulikuwapo, ulikuwa mwembamba zaidi. Kauli sahihi ni kwamba uliongezwa, na kwamba sehemu kubwa ya nyongeza hiyo inakanyagwa na magari.

La tatu ni kuwapita wavuvi. Hawakuwa kwenye orodha, kwa hiyo hata alipoiacha orodha bado aliitii. Wavuvi wako Posto 6 kwa sababu rasi ya ngome inakinga kona hiyo dhidi ya mawimbi ya kusini. Maji yake ni tulivu wakati katikati ya ufukwe panavuma. Kwa kundi lililokuwa likiuliza bahari ilikuwa wapi na ilifanya nini, mashua zile zilikuwa jibu lililo hai, tena la kale kuliko hoteli na ngome.

La nne ni ridhaa. Watu waliolipia ratiba wana haki ya kuipata, na ukimya wa mtu mbele ya kundi lenye wazee hauna maana ya kukubali. Kijana wa Kiswahili hatampinga mzee hadharani kwa sababu ya maduka. Mwongozaji angewaita pembeni wale wawili, awape gari la madukani saa ileile, na malalamiko yasingekuwapo. Kampuni iliwapa jioni kile ambacho kingewezekana asubuhi.

La mwisho ni jua. Majengo marefu ya Copacabana, yaliyokuja kuzizika nyumba za zamani, hutupa kivuli chake mchangani kuanzia alasiri. Matembezi ya kilomita mbili pamoja na wazee yanafaa kuanza saa tisa, kivuli kinapoanza kusogea.

Njia ilivyo sasa

Njia mpya inaanzia Posto 6 kwa wavuvi, alasiri, kisha ngomeni, kisha kwa miguu upande wa majengo hadi Siqueira Campos, na inaishia mbele ya Copacabana Palace. Kila mwongozaji anabeba picha tatu zilizochapishwa kwenye karatasi ngumu: hoteli na bahari ya zamani, waasi wakiwa barabarani, na ufukwe wakati mchanga ukimwagwa. Simu hazitolewi ovyo pale, na kuzungusha simu ya mgeni mkononi mwa watu kumi kando ya barabara, kama ilivyofanyika siku ya kisa, kulikuwa kuwakaribisha wezi. Maduka yamewekwa kama chaguo lenye gari lake, na wageni hujaza fomu kabla ya kutoka hotelini, kila mtu peke yake.